Siri yangu ilitolewa kama nia ya jumuiya. Je, kusali chumbani hakutoshi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Safu yako naisoma kila wiki na mara nyingi nimecheka shida za wenzangu. Leo ni zamu yangu kuchekwa.

Jumuiya yetu, kikundi cha Wakatoliki majirani, husali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Kwa miaka tisa sikukosa ila kwa uzazi au msiba. Mwezi wa kumi mwaka jana mume wangu aliondoka nyumbani, na hakuondoka peke yake. Nilimweleza mtu mmoja tu, mama mtu mzima, kiongozi wa jumuiya, ambaye nilimheshimu kama mama yangu mzazi. Nilimwomba aniombee.

Jumamosi iliyofuata, tulipofika kwenye nia, pale panapotajwa mambo ya kuombewa, yule mama akafumba macho akasali kwa sauti: Bwana amguse mume wa dada yetu mmoja, amtoe mikononi mwa yule mwanamke mwenye saluni kule stendi, amrudishe kwa wanawe watatu. Jina langu hakulitaja. Haja ya nini? Tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni, na mwenye watoto watatu na mume asiyeonekana nilikuwa mimi tu. Wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mwalimu, kile kiitikio bado nakisikia usiku. Kabla ya jua kuzama, muuza mboga wa gengeni aliniuliza kama ni kweli.

Tangu siku ile sijakanyaga jumuiyani, sasa miezi mitano. Nasali saa kumi na moja alfajiri chumbani kwangu, mlango nimefunga. Jumapili naenda Misa parokia nyingine mjini ambako hakuna anayenijua. Kwa muda wote huo aliyebisha hodi kwangu ni mtunza hazina, amefuata michango miwili ya rambirambi ninayodaiwa.

Sasa kitinda mimba wangu ana miezi minane nataka abatizwe. Fomu inataka sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Nikajibiwa kwamba daftari la mahudhurio linaonyesha mimi si mwanajumuiya hai. Kaka yangu ananiambia niachane nao, kwamba Yesu alisema ukitaka kusali ingia chumbani ufunge mlango, na haya mambo ya jumuiya yameletwa juzi tu na maaskofu.

Naomba uniambie ukweli. Wakristo wa kwanza walisalije? Walilazimishana? Na kama Mungu ananisikia chumbani, ninakosa nini? Halafu kuna jambo naona aibu kuliandika: naogopa nikifa hakuna atakayenizika.

Mama wa Watatu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Nianze na lile kovu. Ulichotendewa siku ile hakikuwa sala. Ulikuwa umbea uliojifunga kitenge cha kwaya. Nasema hivi bila kumrushia jiwe yule mama, maana nami nimewahi kuufanya. Nikiwa katekista kijana nilitangaza ugonjwa wa mzee mmoja mbele ya kigango kizima, eti tumwombee, kumbe mzee alikuwa hajamwambia hata mkewe. Hakunigombeza. Aliacha tu kuja, na mimi nikaandika kwenye daftari langu kwamba amepoa. Ilinichukua mwaka mzima kwenda kubisha hodi kwake. Kwa hiyo habari za madaftari nazijua kutoka upande wa mwenye kalamu.

Kaka yako ameshika nusu ya neno. Kweli, Mathayo 6:6 inasema ingia chumba cha ndani, funga mlango. Lakini Yesu hakuishia hapo. Aya tatu mbele anafundisha maneno yenyewe ya kusema ukiwa humo chumbani, na neno la pili la sala hiyo ni "yetu". Baba Yetu. Hebu isali polepole kesho alfajiri usikilize: utupe, utusamehe, usitutie, utuopoe. Ile "-tu-" imejaa sala nzima. Umefunga mlango, uko peke yako na mtoto amelala, na bado mdomo wako unaombea watu wengi, akiwemo yule mama. Sipriani, askofu wa Karthago katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya sala hii mnamo 252, akaligusa jambo hilohilo: hatusemi "Baba yangu", wala "unipe mkate wangu", sala yetu ni ya wote, na tunaposali hatumwombei mtu mmoja bali watu wote, kwa kuwa sisi wote tu kitu kimoja.

Wala usidhani Wakristo wa kwanza waliidharau sala ya chumbani. Didake, kijitabu cha mafundisho cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinawaagiza waamini wasali Baba Yetu mara tatu kila siku. Miaka mia baadaye Tertuliani, mwandishi Mkristo, naye wa Karthago, anazitaja saa zenyewe: saa tatu, saa sita na saa tisa. (Hapa sisi Waswahili tumependelewa. Saa za Biblia zinahesabiwa kama zetu, kuanzia macheo. Petro na Yohana wakipanda hekaluni saa tisa ya kusali, ni saa tisa hiihii ambayo watoto wanatoka shule.) Basi alfajiri yako usiiache. Ina wazee wake.

Ila kaka yako anakosea anaposema kusali nyumba kwa nyumba kumeletwa juzi. Jina la jumuiya ndogondogo na utaratibu wake wa leo, sawa, maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliuweka katika miaka ya 1970. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko jengo lolote la kanisa. Baada ya Yesu kupaa, watu wapatao mia na ishirini walidumu katika kusali pamoja, wanawake wakiwemo. Petro alipofungwa na Herode, kanisa lilikesha likimwombea nyumbani kwa Maria, mama yake Yohana Marko. Unakumbuka kilichofuata? Petro katoka gerezani, anabisha mlangoni, kijakazi Roda anakimbia ndani kuwaambia, nao wanamjibu: una wazimu! Wamesali usiku kucha ili afunguliwe, na alipofunguliwa hawakuamini. Ndio hao wazee wetu wa imani. Na kule Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati nchini Siria, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1930 nyumba ya kawaida ya mtaani ambayo Wakristo waliigeuza kuwa mahali pa sala: walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili wakapata ukumbi wa watu sitini, sabini hivi. Mji ule uliangamia mwaka 256. Kwa hiyo sebule zenu za Morogoro si ugeni katika Ukristo.

Umeuliza kama walilazimishana. Waraka kwa Waebrania unawasihi wasiache kukusanyika "kama ilivyo desturi ya wengine", maana yake hata wakati ule kulikuwa na watoro. Ignas, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya pili, aliwaandikia Waefeso wajitahidi kukutana mara nyingi zaidi. Hakuwa mpole, mwanangu. Alisema asiyekuja kwenye kusanyiko amekwisha kuingia kiburi na amejihukumu mwenyewe. Nakunukulia na hili ingawa halikupendezi, nisije nikaonekana nachagua ya kukufariji tu. Sababu aliyoitoa ni hii: kama sala ya mtu mmoja au wawili ina nguvu kiasi kile, je, ya kanisa zima?

Lakini kusanyiko ambalo Ignas analisifia lilikuwaje? Hapo ndipo nataka tukae.

Mnamo mwaka 112, Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traiano kuhusu Wakristo aliowakamata. Anasema walikiri kwamba siku maalumu hukutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu kwa kupokezana. Kabla ya mapambazuko, mapema hata kuliko ninyi. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na ikaendelea hivyo mpaka Kaisari Konstantino alipoifanya ya mapumziko mwaka 321. Mtumwa alisali, kisha akakimbia kwa bwana wake. Katika barua hiyohiyo Plinio anaeleza kwamba aliletewa karatasi isiyo na jina la mwandishi, imejaa majina ya watu wanaodaiwa kuwa Wakristo. Anaeleza pia kwamba aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa na huduma katika kanisa ili wamwambie yaliyofichika, asipate chochote zaidi ya kile alichokiita ushirikina. Unaona walikuwa wakisali katika mazingira gani? Jina lililotoka nje ya chumba cha sala liliweza kumfikisha mtu kwenye upanga. Yule mama wa jumuiya yenu angekuwa Bithinia, sijui wangebaki wangapi.

Tazama pia jinsi walivyomtendea asiyekuwepo. Yustino mfiadini, aliyeandika Roma katikati ya karne ya pili, ameeleza Jumapili yao kwa mpangilio unaoutambua hata leo: wanakusanyika wa mjini na wa mashambani, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, kisha wote wanasimama na kusali. Mkate na divai vinaletwa, kiongozi anashukuru kadiri awezavyo, watu wanaitikia Amina. Halafu, na hapa nimepigia mstari kwenye nakala yangu, mashemasi wanawapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwepo.

Wanawapelekea. Wewe umekosekana miezi mitano. Uliletewa nini? Ankara ya rambirambi. Hilo nitalisema kwa sauti hata mwenyekiti wenu akisoma hapa: daftari la mahudhurio lina kazi moja ya haki, kumjulisha kiongozi ni nyumba ipi akabishe hodi.

Kuhusu sauti, Tertuliani aliwachoka watu wa namna ile. Katika kitabu chake juu ya sala anasema sauti ishushwe, kwa kuwa Mungu husikiliza moyo, na wanaosali kwa kelele hawapati faida yoyote zaidi ya kuwasumbua jirani zao. Si kwamba aliipuuza sala ya pamoja. Ni yeye aliyesema kwamba Wakristo hukusanyika kama kikosi ili wamzingire Mungu kwa maombi yao, na kwamba ujeuri huo humpendeza Mungu. Kikosi, ndiyo. Ila kikosi ambacho mmoja hachomwi mkuki na aliye nyuma yake.

Usidhani nakuuzia picha ya malaika. Korintho walikuja kwenye meza ya Bwana wengine wana njaa na wengine wamelewa, hadi Paulo akawaambia kukutana kwao ni kwa hasara kuliko kwa faida. Magomvi yalikuwepo siku zote. Tofauti ni kwamba waliyawekea kanuni, na kanuni yenyewe nakuomba uikariri. Iko katika ile Didake, sura ya 14: siku ya Bwana kusanyikeni, muungame makosa yenu, mmege mkate na kushukuru, na mtu yeyote mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge nanyi mpaka wapatane, sadaka yenu isije ikatiwa unajisi. Ni ileile ya Yesu ya kuacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. (Didake ilikuwa imepotea kwa karne nyingi. Mgiriki mmoja, Philotheos Bryennios, aliikuta katika maktaba huko Konstantinopoli mwaka 1873. Nikiwaza kwamba maneno haya yalikaa rafuni muda wote huo huku sisi tukigombana, huwa nacheka.)

Kwa hiyo, mwanangu, mlipaswa kukaa kando ninyi wawili, wewe na yule mama, mpaka mpatane. Mmoja akakaa kando, mwingine anaendelea kuongoza nia kila Jumamosi. Na kusanyiko zima likaendelea kuitikia kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nakataa kukuambia tu "rudi jumuiyani". Ukirudi ukakaa kwenye kona ukaitikia pamoja nao huku moyo umefungwa, mtakuwa mmeongeza kiti kimoja tu.

Lakini pia nakataa kukuambia kaa chumbani. Umeniuliza unakosa nini. Unakosa wa kukuitikia. Kuna mama mmoja, Egeria, aliyehiji Yerusalemu katika miaka ya 380 na kuwaandikia dada zake wa huko magharibi alivyoona. Anasimulia sala ya jioni: shemasi anataja majina ya watu mmoja mmoja, na kila jina linapotajwa watoto wengi waliosimama pale wanaitikia, Bwana utuhurumie. Jina, kiitikio. Jina, kiitikio. Hakuna maelezo ya mume amekwenda wapi wala saluni ya nani. Kile kiitikio kinachokuamsha usiku, mwanangu, hakina kosa. Kilitumiwa vibaya. Wale kumi na wawili wangetajiwa jina lako peke yake wakaitikia vilevile, ungelala usingizi.

Sasa la kufanya.

Nenda kwa yule mama, peke yako, kwake, si Jumamosi. Mathayo 18 inataka hivyo: kwanza wewe na yeye tu. Usianze na mume wako, anza na yale maneno: "Mama, nilikuambia wewe, ukawaambia kumi na wawili." Kisha nyamaza. Huenda akalia, wengi wa namna hii wanaamini kabisa walikuwa wanasaidia. Akikana au akikuhubiria, rudi na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili. Kama hata hapo imeshindikana, mfikishie mwenyekiti au katekista, na uombe jambo moja mahususi ambalo jumuiya yoyote inaweza kulikubali Jumamosi moja tu: anayeombewa atajwe jina, kwa ridhaa yake, na habari zake zibaki kwake.

Mkikubaliana, rudi. Usingoje mpaka uwe umeacha kuona aibu, hutaacha upesi hivyo.

Fomu ya ubatizo usiisubirishe mambo haya. Omba kuonana na paroko, mweleze kwa nini hukuonekana miezi mitano. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa, kwa mtoto mchanga, inadai mambo mawili: walau mzazi mmoja aridhie, na pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Daftari la jumuiya ni njia ya viongozi kulipima hilo la pili. Si sharti la tatu. Mama anayeamka saa kumi na moja kusali hana sababu ya kulikimbia swali hilo.

Kaka yako mwambie nimemsalimu, na kwamba Mathayo sita asiishie aya ya sita.

Limebaki lile uliloona aibu kuliandika. Si la aibu. Tertuliani, akieleza mfuko wa Wakristo wa Karthago, anasema kila mtu huweka sarafu kidogo mara moja kwa mwezi au apendapo, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa, na fedha hizo huenda kuwalisha maskini na kuwazika. Hofu yako ya kukosa wa kukuzika wenzako walikuwa nayo miaka elfu moja na mia nane iliyopita, nao waliiwekea akiba. Ile michango miwili ya rambirambi ilipe wiki hii hii. Waliofiwa si wao waliotoa siri yako.